Digrii ya Kuchora na Deni la Bodi: Nimepiga Hesabu Mwenyewe



Wiki mbili zilizopita tulikuwa na kikao cha vijana wa kata. Ajenda ilikuwa moja tu, mapendekezo yetu kwa chama kuhusu elimu ya juu. Mambo yalikwenda vizuri mpaka ndugu yetu mmoja, kijana mwenye kichwa kizuri na ninayemheshimu sana, akasimama. Akasema fedha za mikopo ni chache, watoto wa maskini wanakosa mkopo wa udaktari, halafu kuna mtu anakopeshwa mamilioni aende kusomea kuchora. Akamalizia kwa swali: "Kwani Tingatinga alisoma chuo gani?"

Ukumbi mzima ulicheka. Na mimi nilicheka, maana swali lilikuwa zuri. Kisha shingo zikaanza kugeuka kunitazama, kwa sababu pale kata wote wanajua nani alisomea kuchora.

Sikujibu siku ile. Nilisema naomba nikapige hesabu kwanza. Na hesabu hizo nilikuwa nazihitaji hata nyumbani, kwa sababu mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha sita na anataka kuomba digrii ya sanaa. Mama amenikabidhi mimi kesi hiyo. Aliniambia, "Wewe ndiye uliyetangulia huko. Mwambie ukweli, usimpambe."

Basi makala hii ni jibu la wote wawili, yule kamanda wa kikaoni na huyu mdogo wangu.

Nianze na deni lenyewe, maana vijana wengi tunasaini mkopo bila kujua jumla yake. Niliingia chuo mwaka 2015. Bumu lilikuwa shilingi 8,500 kwa siku ya chakula na malazi (siku hizi ni 10,000, tangu 2022). Kwa siku 240 za mwaka wa masomo, hiyo ni 2,040,000, na kwa miaka mitatu ni 6,120,000. Ada nililipiwa asilimia 60, yaani 600,000 kwa mwaka, jumla 1,800,000. Vitabu na viandikwa 200,000 kila mwaka, jumla 600,000. Ukijumlisha yote unapata 8,520,000. Ongeza ile asilimia moja ya gharama za uendeshaji wa mkopo, deni linakuwa 8,605,200.

Angalia hapo sehemu kubwa ilikwenda wapi. Ilikwenda kwenye wali maharage na kodi ya kitanda. Hela ya kusomea kuchora ilikuwa kidogo tu. Kijana wa uhasibu aliyekula naye meza moja kwa miaka mitatu ana deni linalofanana na langu. Kwa hiyo anayesema sanaa inakula hela ya mikopo kuliko kozi nyingine, ajue kinacholiwa ni chakula, na mwanafunzi wa kozi yoyote anakula.

Swali la kweli ni kipato baada ya hapo. Na hapa nitakuwa mkweli kwa gharama yangu mwenyewe, maana makala nyingi za kutetea sanaa zinaruka sehemu hii.

Mwaka jana nilianza kuandika daftari. Jumla ya fedha zilizoingia kwa mwaka mzima ni shilingi 5,940,000. Rangi, mbao, vitambaa, kuchapa, nauli na bodaboda wa kupelekea mizigo vilikula 1,610,000. Zilizobaki ni 4,330,000, yaani kama 360,000 kwa mwezi. Lakini huo "mwezi" ni wa kwenye kikokotoo tu. Julai niliingiza 1,150,000 kwa sababu shule moja ya ingilishi midiamu ilitaka kuta zote zichorwe wanyama na herufi kabla wazazi hawajaja. Miezi mitatu sikufikisha hata laki moja. Aprili mvua ikinyesha hakuna anayekumbuka kupaka ukuta rangi.

Na picha zenyewe, zile za turubai nilizosomea? Nne kwa mwaka. Shilingi 870,000. Zilizobaki ni vibao vya saluni, fulana, kadi za harusi, nembo za maduka, maandishi ya nyuma ya bajaji. Simlaumu mtu. Hiyo ndiyo kazi iliyopo na naifanya kwa moyo mmoja, lakini mdogo wangu anayefikiri atakaa kwenye studio yenye dirisha kubwa aone kwanza daftari hili.

Sasa weka deni na kipato pamoja, uone sheria inavyofanya kazi.

Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Zamani ilikuwa asilimia 8, Bunge likabadilisha sheria mwaka 2016, na wengi waliosaini mkataba wakijua ni 8 wakajikuta kwenye 15. Chukua mwalimu anayeanza kwa 700,000. Hifadhi ya jamii asilimia 5 ni 35,000, bima ya afya asilimia 3 ni 21,000, kodi ya mapato ni 49,000, Bodi inachukua 105,000. Anarudi nyumbani na 490,000. Kati ya vyote anavyokatwa, mkopo ndio mkubwa kuliko vyote, unazidi hata kodi. Deni kama langu atalimaliza kwa miezi 82, karibu miaka saba. Kwa asilimia 8 ingekuwa miezi 154, karibu miaka kumi na tatu. Kwa hiyo asilimia 15 ina upande wake mzuri, unamaliza mapema ukiwa bado kijana. Tusidanganyane kwamba ni ubaya mtupu. Ubaya wake ni kwamba inakata kwenye miaka ileile unayotakiwa kupanga chumba, kuoa na kusomesha wadogo zako.

Lakini mchoraji hajaajiriwa. Huyu kawekewa utaratibu wake: asilimia 10 ya kipato kinachotozwa kodi, na kiwango cha chini ni shilingi 100,000 kwa mwezi.

Soma tena hapo. Mtu aliyeajiriwa kwa mshahara wa 360,000 anakatwa 54,000. Mimi niliyejiajiri na kubaki na 360,000 hiyohiyo natakiwa kulipa 100,000. Kwa asilimia ni karibu 28. Na mwezi ambao sijapata hata laki, laki ni ileile. Aliyefukuzwa kazi makato yanasimama kwa sababu mshahara umesimama. Aliyejiajiri kazi zikikata, deni linaendelea kudai kana kwamba kuna mwajiri wake amejificha mahali anamlipa.

Kuna jambo jingine ambalo sijasikia likisemwa majukwaani. Mamlaka ya Mapato haimtozi kodi ya mshahara mtu ambaye kipato chake hakizidi 270,000 kwa mwezi. Serikali yenyewe imekubali kwamba huyu ni wa kipato cha chini, aachwe ale. Lakini huyohuyo akiwa na deni la Bodi anakatwa asilimia 15 yake kuanzia shilingi ya kwanza, yaani 40,500. Idara moja ya serikali inasema huyu ni maskini, nyingine inasema anaweza kulipa. Wakubwa wakae wakubaliane.

Nitoe haki panapostahili, hata kama wengine mtaninunia. Ile asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo kwa deni kama langu ilikuwa inaongeza zaidi ya 511,000 kila mwaka, Rais Samia alitangaza kuifuta Mei Mosi 2021 pale Mwanza. Ilikuwa kilio chetu cha muda mrefu na iliondoka. Ningekuwa bado naidaiwa leo, nisingekuwa naandika makala, ningekuwa nimezima simu. Ila kufuta riba bila kugusa kiwango cha chini cha aliyejiajiri ni kumtua mtu gunia moja kati ya mawili.

Nirudi kwa Tingatinga, maana kamanda wetu alidhani ameshinda.

Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akapita kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akafika Dar es Salaam kufanya kazi za ndani na vibarua. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora kwenye vipande vya hardboard kwa rangi ya baiskeli, na kuuza nje ya Morogoro Stores, Oyster Bay. Alifariki 1972. Miaka kama minne tu ya kazi, na leo kila mgeni anayetua nchini anaondoka na picha ya mtindo wake. Ni kweli hakukanyaga chuo. Hapo sibishi hata kidogo. Wachonga vinyago wa Kimakonde pia hawakuhitaji cheti cha mtu.

Ila tumalizie hadithi. Kazi ikishatoka mkononi mwa mchoraji ikauzwa, bei ikipanda mara mia huko mbele faida ni ya aliyeinunua. Mtindo wenyewe unanakiliwa na yeyote mwenye brashi. Wanafunzi wake ilibidi wajipange wenyewe, mpaka wakawa na ushirika mwaka 1990. Kipaji hakikukosekana pale. Kilichokosekana ni mtu wa kusoma mkataba, kusajili hakimiliki, kumwandikia mnunuzi wa nje barua inayoeleweka. Namfahamu mzee mmoja anachora twiga na tembo kwa mkono ambao mimi siwezi kuufikia hata nikisoma miaka kumi. Anauza kwa dalali kwa bei ya jumla, dalali anauza kwa dola. Mimi mwenye mkono dhaifu nauza mwenyewe moja kwa moja, kwa sababu chuo kilinifundisha kuandika pendekezo la kazi na kusoma Sheria ya Hakimiliki ya 1999. Picha zake nzuri kuliko zangu, lakini kwa picha moja mimi napata zaidi. Hiyo si haki, najua. Lakini ndiyo jibu la swali "chuo kinasaidia nini".

Na waliosoma nao wapo. Sam Ntiro alisoma sanaa Makerere kisha London, na nchi ilipopata uhuru ndiye tuliyemtuma London kuwa balozi wetu wa kwanza. Elimo Njau naye wa Makerere, akaenda kuanzisha Paa ya Paa Nairobi mwaka 1965. Gado tunayemjua kwa katuni zake aliacha masomo ya usanifu majengo Ardhi akavuka kwenda Nairobi mwaka 1992. Huyo ni Mtanzania, lakini jina lake lilikulia kwenye gazeti la Kenya. Ukitaka kujua kwa nini wachora katuni wetu hawanenepi, usiangalie mitaala peke yake. Angalia pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, na zile kanuni za 2018 zilizotaka mtu mwenye blogu alipie zaidi ya milioni mbili kwa mwaka wa kwanza kabla hajachapa kitu. Msanii anayeogopa mteja na anayeogopa polisi hawezi kupanga bei.

Hata kwa walioendelea, hesabu za sanaa ni ngumu. Uingereza, taasisi ya utafiti wa masuala ya fedha ya IFS ilitoa ripoti 2020 ikaonyesha kwamba mhitimu mmoja kati ya watano, kwa upande wa fedha, angekuwa na hali bora kama asingekwenda chuo kabisa, na sanaa bunifu ni kati ya kozi zilizofanya vibaya zaidi. Sizifichi takwimu hizo kwa kuwa zinaniuma. Lakini kule mhitimu halipi chochote mpaka mshahara wake uvuke kiwango fulani, na akivuka anakatwa kwenye kile kilichozidi tu. Aliyesoma sanaa akakosa, deni linamsubiri apate. Huku kwetu tumechukua wazo la kukopesha wanafunzi, ile sehemu ya kumsubiri maskini tukaiacha uwanja wa ndege.

Kuna wanaosema: basi wasanii wakachukue mikopo kwenye Mfuko wa Utamaduni na Sanaa. Jamani. Mtu ana deni la kusoma, mnamwambia dawa yake ni deni la pili. Mchoraji hana shida ya mtaji kiasi hicho. Turubai na rangi anaweza kudunduliza. Shida yake ni mnunuzi.

Na mnunuzi mkubwa kuliko wote nchi hii ni serikali. Tumejenga mji wa serikali Mtumba, tumejenga stesheni za SGR, tunajenga mahospitali na mahakama. Ufaransa tangu 1951 wana utaratibu kwamba jengo la umma likijengwa, asilimia moja ya gharama inakwenda kununua kazi ya msanii iwekwe humo. Asilimia moja tu. Hapa kwetu tukifanya hata nusu ya hiyo, mchoraji wa Lindi na mchonga vinyago wa Mwenge watalipa madeni yao bila kusukumwa. Mtaala mpya nao umeanza kuleta mkondo wa amali sekondari tangu 2024. Kama sanaa itafundishwa kwa dhati huko, inahitaji walimu, na walimu hao wapo kitaa wanaandika majina ya watu kwenye bajaji.

Sasa sehemu itakayoniletea maneno. Makamanda, na sisi wenyewe tumo. Kila msimu wa kampeni simu yangu haipoi. "Dogo, tupigie bango la mkutano." "Kamanda, tuchoree fulana za tawi, huo ndio mchango wako kwa mapambano." Mwenye gari la matangazo analipwa mafuta. Mwenye viti na turubai analipwa. Mpishi analipwa. Mchoraji anaambiwa asante na kupigwa bega. Nimechora mabango sikumbuki mangapi, na kwenye daftari langu la mwaka jana mstari wa chama una sifuri. Sijutii hata moja, nilichora kwa imani. Ila mtu aliyekalia fulana niliyoichora bure akisimama kikaoni na kuuliza digrii ya sanaa inaingiza nini, nashindwa kujizuia kucheka.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayopeleka kwenye kikao kijacho, na naomba wa kata nyingine mpeleke kwenu. Asikatwe mkopo mtu yeyote, aliyeajiriwa au aliyejiajiri, mpaka kipato chake kivuke kile kiwango ambacho serikali yenyewe inaona ndipo kodi inaanza. Kiwango cha chini cha 100,000 kwa waliojiajiri kiondoke, na mahali pake mtu atoe hesabu ya mwaka mzima alipe kwa asilimia, kwa sababu msanii, mkulima na mvuvi hawana tarehe 25. Makato yahesabiwe kwenye kile kilichozidi kiwango. Majengo ya umma yatengewe fungu la kazi za sanaa. Na chama, kuanzia ngazi ya tawi, kiwalipe wabunifu wake, hata kama ni kidogo, na iandikwe kwenye vitabu.

Pendekezo la kufuta mikopo ya sanaa nitalipinga hadharani, na naomba kamanda aliyelitoa anisamehe. Ukifuta mkopo, hutawazuia watu kusoma sanaa. Utabakiza watoto wa wenye nacho peke yao, na picha za nchi hii zitachorwa na watu ambao hawajawahi kupanda daladala.

Sasa mdogo wangu.

Tulikaa uani jioni, nikampa daftari. Alisoma kimya, kurasa zote. Alipofika Aprili akaniuliza, "Kaka, mwezi huu mlikula nini?" Nikamwambia tulikula kwa mama. Nikamwonyesha njia zote. Akienda Bagamoyo, TaSUBa, kusoma stashahada, miaka ni michache na gharama ni ndogo, lakini mikopo ya stashahada iliyoanza 2023/24 imelenga fani za kipaumbele na sanaa haimo, kwa hiyo itabidi familia ijikamue. Akienda chuo kikuu anaweza kupata mkopo, ingawa kozi za sanaa zipo kundi la mwisho la vipaumbele, na akipata anaondoka na deni kubwa kuliko langu kwa sababu bumu limepanda. Nikamwambia pia achague chuo kinachofundisha usanifu wa kompyuta kwa vitendo, maana theluthi mbili ya hela yangu inatoka kwenye skrini. Na kwamba ajifunze ushonaji au upigaji picha likizo ya kwanza tu, asisubiri kumaliza.

Sikumwambia asiende. Mama alitarajia ningesema hivyo, nikaona anavyosogeza kigoda karibu asikie.

Alifunga daftari, akaniuliza swali moja ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: kama ningerudishwa 2015 nikiwa na hesabu hizi mkononi, ningesaini? Nikamwambia ningesaini, ila ningeomba ile ada tu na kupika mwenyewe. Akacheka, akasema muongo wewe, hujawahi kupika hata chai.

Amejaza. Chaguo la kwanza sanaa, la pili ualimu, la tatu sanaa tena kwenye chuo kingine. Majina yakitoka nitawaambia. Kwa sasa anachukua brashi zangu bila kuomba, na kikao cha kata ni Jumamosi saa nne, nitakuwepo na daftari.